Kutoka Kibokoni hadi Kasarani: Robo fainali ya Harambee Stars

Jumapili, 17 Agosti 2025. Kibokoni, Mombasa

Dakika ya 75 Ryan Ogam alipoifunga Zambia, mwenye kahawa wa maskani yetu aliacha dele jikoni akakimbia hadi kona ya msikiti na kurudi. Kahawa ilifurika, makaa yakazimika, na hakuna aliyelalamika. Sisi wanawake tulikuwa barazani kwa jirani, televisheni imeelekezwa mlangoni, sinia la viazi karai katikati. Mwenye nyumba, ambaye mwezi uliopita alikuwa hajui kona ni nini, alikuwa amesimama anamfundisha refa kazi.

Kenya 1, Zambia 0. Tumemaliza kileleni mwa Kundi A la CHAN kwa pointi 10, Morocco wako nyuma yetu na 9.

Kwa wasiofuatilia: CHAN ni mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani. Anayecheza nje ya nchi yake haruhusiwi. Kenya hatukuwa tumewahi kuyacheza. Ya 2018 tulipewa tuyaandae, tukanyang'anywa kwa sababu viwanja havikuwa tayari, yakaenda Morocco. Haya ya sasa tunayaandaa pamoja na Tanzania na Uganda, na hata hivyo yalisogezwa kutoka Februari hadi Agosti. Halafu kura ikatutupa kundi moja na Morocco na DR Congo, ambao kila mmoja amelibeba kombe hili mara mbili, pamoja na Angola na Zambia. Mwanzoni mwa mwezi, pale maskani, waliosema tutavuka walikuwa mpwa wangu wa kidato cha pili, na ami. Wengine wote walikuwa wanauliza tutafungwa ngapi.

Ami ni ndugu mdogo wa marehemu baba. Alifanya kazi bandarini hadi akastaafu, na kwa mpira wa Kenya ana enzi yake moja tu, ile ya Mahmoud Abbas, kipa kijana wa Mombasa waliyemwita Kenya One, tulipobeba kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Kila kipa aliyekuja baadaye ami anampima kwa Mahmoud na kumkuta amepungukiwa. Kwa hiyo siku ile ya Jumapili iliyopita, Kenya ilipocheza na Morocco, nilipomsikia akisema "huyu Bryne Omondi ana mikono," nilijua kuna jambo limebadilika duniani.

Mechi ile ya Morocco ndiyo iliyotuharibu akili. Ogam alifunga dakika ya 42, na kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili tukawa kumi dhidi ya Morocco. Siku tatu kabla yake, na Angola, ilikuwa hivyo hivyo: Marvin Nabwire alitolewa dakika ya 21, tukabaki kumi kwa zaidi ya saa nzima, na tukatoka sare 1-1. Ukiongeza bao la Austin Odhiambo lililoiangusha DR Congo tarehe 3, na la leo, tumefunga manne na kufungwa moja. Timu hii inajua kuteseka. Ikiwa pungufu, kila mtu anajua asimame wapi.

Baada ya Isha ami alipita nyumbani, hakuketi. Akasema akiwa mlangoni: "Mwanangu, robo fainali siangalii kiooni. Wabuki wanakuja Nairobi Ijumaa. Twende."

Jumatatu, 18 Agosti

Ami anawaita Wabuki, sisi wengine tunasema Madagascar. Mpwa wangu anawaona kama njia nyepesi ya kwenda nusu fainali, kwa sababu Tanzania imewafunga 2-1 pale Dar es Salaam, mabao yote ya Clement Mzize. Nikamkumbusha kwamba CHAN iliyopita, kule Algeria, hao hao walimaliza wa tatu. Hakutaka kusikia.

Shida ni tiketi. Siku ya Morocco watu waliingia uwanja wa Kasarani, Nairobi, kwa kusukumana, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikatoza faini, ikapunguza watazamaji hadi 27,000 katika uwanja wa watu karibu 48,000, na ikaamuru tiketi za mtandaoni peke yake. Mpwa wangu amekesha na simu tatu: yake, yangu, na ya mama yake, ambaye hajui kwamba simu yake imekesha. Ukurasa unafunguka, unazunguka, unafunga. Alfajiri nilipoamka kuswali nilimkuta amekaa sakafuni karibu na soketi, macho mekundu. Akanionyesha kioo bila kusema neno. Tatu.

Gari moshi lilikuwa jepesi zaidi. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa kila mtu, unalipa kwa M-Pesa, basi. Ami alinipa pesa zake taslimu zimekunjwa ndani ya leso, akakataa katakata nimlipie.

Jirani mmoja akauliza kwa nini timu ya taifa haiji kucheza hapa nasi tukapumzika na safari. Barazani watu walicheka, si kwa furaha. Ukarabati wa Uwanja wa Manispaa umekuwa hadithi ya miaka sasa, na Bandari, timu yetu ya ligi kuu, wanachezea Mbaraki. Mtoto wa Mombasa akitaka kuiona Harambee Stars kwa macho yake, kwanza avuke Tsavo.

Alhamisi, 21 Agosti. Miritini hadi Nairobi

Gari moshi linatoka saa tisa alasiri lakini lazima ufike mapema, kwa sababu ya ukaguzi. Kabla hata hujaingia jengo la stesheni mnapanga mizigo mstari mmoja, mnarudi nyuma, na mbwa anapitishwa anuse mmoja baada ya mwingine. Ami alilijua hilo, kaambiwa na wenzake. Begi lake aliliweka chini pamoja na mengine, lakini mswala na kanzu ya Ijumaa alivishika mkononi, vimefungwa ndani ya mfuko. Askari akamwambia na huo mfuko uwekwe. Ami akamjibu kwa upole sana: "Mwanangu, hii ni nguo ya kusalia. Ikinuswa na huyu bwana, kesho nitasali na nini?" Foleni nzima ikasimama. Askari, kijana mdogo, akautazama mfuko, akamtazama mbwa, akamwita mwenzake. Wakaufungua kwa mikono, wakapapasa kanzu, wakapapasa mswala, wakamrudishia. Mbwa akapita kwa begi la ami, akaendelea na safari yake.

Behewa letu lilikuwa jekundu kwa jezi. Watu wa Kisauni, wa Likoni, kikundi kizima kutoka Ukunda waliokuwa wamevuka feri tangu asubuhi. Tulipoipita Mariakani hakuna aliyekuwa kwenye kiti chake mwenyewe. Mjadala ulikuwa mmoja: kocha Benni McCarthy amwanzishe nani. Kila mtu alikuwa na kikosi chake na kila kikosi kilikuwa na Ogam na Austin. Ugomvi ulikuwa kwa tisa waliobaki. Juu ya nahodha hapakuwa na ugomvi. Abud Omar ni wetu, na mzee mmoja wa Ukunda alisema ukimgusa Abud umeigusa Pwani nzima.

Kisha ikaja habari ya milioni. Rais aliahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi, na timu milioni 600 ikibeba kombe. Mama mmoja aliyekuwa akigawa mabuyu kwa watoto akasema bila kuinua uso: "Kwa milioni moja, hata mimi ningemkaba Mmorocco." Nadhani yeye ndiye aliyesema la maana zaidi siku ile. Pesa zile zilisemwa kwa ubaya sana mitandaoni, eti zinawalevya vijana. Mimi sioni hivyo. Wachezaji wa ligi yetu wamecheza miaka mingi mishahara ikichelewa. Milioni moja kwa mkupuo imewafanya wakimbie dakika ya 90 kama wanavyokimbia ya kwanza.

Kabla ya Voi reli mpya na ile ya zamani huonekana pamoja, moja juu ya tuta na nyingine chini kwenye mchanga mwekundu. Ami alikuwa dirishani. Nilijua itakuja, na ikaja.

"Mwaka 87 tulipita kule chini," akasema.

Agosti 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika ya nne. Kasarani yenyewe ilijengwa kwa ajili ya michezo hiyo, kwa msaada wa Wachina. Riadha, ndondi, mpira, kila kitu, Afrika nzima imekuja. Ami na wenzake wa bandarini walipanda gari moshi la zamani, lile lililokuwa likitoka Mombasa jioni na kuingia Nairobi asubuhi, kwa sababu Kenya ilikuwa imefika fainali ya mpira. Fainali na Misri.

"Moja bila," akasema ami. "Wakatufunga moja bila, wakachukua dhahabu, sisi tukapewa fedha. Uwanja mpya, rangi haijakauka."

Mpwa wangu alimuuliza nani alifunga. Ami akasema hakumbuki na wala hataki kukumbushwa. Lakini alikumbuka bei ya chai kwenye gari moshi, na kwamba waliporudi usiku ule dereva mmoja wa kreni alilala kwenye sakafu ya behewa kuanzia Nairobi hadi Changamwe, amejifunika bendera. Baada ya hapo Harambee Stars ikacheza Kasarani miaka yote hii, na ami hakukanyaga tena pale.

Tsavo tulipita jua likielekea kuzama. Tembo watatu wakionekana upande wa kushoto, behewa zima likahamia kushoto. Baada ya Mtito Andei giza likaingia, watu wakaanza kutoa masweta. Nairobi ilipofika, saa mbili na kitu usiku, mlango ulifunguka pale Syokimau na baridi ikaingia kabla hatujatoka. Binamu yangu wa South C alikuwa nje na gari. Alipotuona na makoti yetu ya kuazima akacheka hadi akashikilia usukani.

Ijumaa, 22 Agosti. Kasarani

Mechi ni saa kumi na moja jioni, kwa hiyo ami alipata alichokitaka: swala ya Ijumaa Jamia. Msikiti ulijaa hadi nje. Wanaume wengi walikuwa na jezi chini ya kanzu. Unaziona shingoni, nyekundu kidogo. Mimi nilivaa yangu juu ya buibui na sikujali. Tulipokutana tena nje, karibu na wauza tende, ami alikuwa amefanya urafiki na wazee wawili wa Kisomali na tayari walikuwa wanabishana kuhusu mabeki.

Matatu za Thika Road siku ile zilijipandishia nauli zenyewe. Tulishuka mbali na uwanja, tukatembea na umati. Wauza bendera, wauza filimbi, kijana anayepaka rangi usoni kwa shilingi hamsini. Kuna kizuizi cha kwanza unaonyesha tiketi kwa simu, cha pili unapapaswa, cha tatu tiketi inasomwa na mashine. Kwenye kile cha pili walichukua chupa yangu ya maji, na kwa ami wakakuta chupa ya chai imejaa kahawa tungu aliyoipika alfajiri kwa binamu. Chupa hairuhusiwi. Ami hakugombana. Alikifungua kifuniko, akamimina, akanywa kikombe kimoja amesimama, akammiminia askari kikombe kimoja, akanipa mimi, kisha akamkabidhi chupa. Askari akaahidi kumwekea. (Tulipotoka usiku hatukumwona, wala yeye wala chupa.)

Tulikaa upande wa mzunguko, juu kidogo. Ami alisimama muda mrefu akiangalia chini, anatafuta na kidole pale alipokaa zamani. Nilimwacha.

Wimbo wa taifa ukapigwa. Huwa nasahau, kisha nakumbuka nikiusikia umati mkubwa ukiuimba: sauti ya wimbo huu imetoka kwetu Pwani, ni ya Wapokomo wa Mto Tana, mama akimbembeleza mtoto alale. Siku hiyo haukumlaza mtu. Nyuma yetu kulikuwa na ngoma za isukuti, na watu walipomaliza kuimba ngoma hazikungoja, zikaingia moja kwa moja.

Kipindi cha kwanza sitakisimulia. Tulikuwa na mpira, tukapeleka mbele, ukarudi. Madagascar walicheza taratibu kwa makusudi, wanapeana pasi fupi, wanatuita tuje. Mpwa wangu aliyesema ni wepesi alikuwa anajiuma kucha.

Kipindi cha pili hakijatimiza dakika tano, mpira ukaja ndani ya sanduku, Alphonce Omija akapanda juu ya watu, kichwa, kambani. Dakika ya 48. Sijui nilimkumbatia nani. Nilipopata akili nilikuwa ngazi mbili chini ya pale nilipokuwa, na ami ameshikana mikono na mwanamke mnene mwenye kofia ya pembe, wote wawili wanapiga kelele bila maneno.

Halafu ikaanza ile hali ambayo kila mtazamaji aliiona na hakuna aliyeweza kuizuia. Timu ikarudi nyuma. Kwanza hatua chache, kisha nyingi. Na Angola tulirudi nyuma kwa sababu tulikuwa kumi. Na Morocco vivyo hivyo, na tulikuwa tunajua sababu, kila mpira uliookolewa ulishangiliwa kama bao. Sasa tulikuwa kumi na moja, tunaongoza, nyumbani, na bado tulicheza kama waliopunguzwa mtu. Kuteseka tulikwisha jifunza. Kumiliki mchezo, kuuficha mpira, kumfanya mpinzani akimbie bure, hayo hatukuwa nayo, na Madagascar walikuwa wanangoja tu kuhakikisha. Mimi si kocha. Lakini nilimsikia ami akisema polepole, kama anayesoma dua, "Tokeni. Tokeni. Tokeni nyuma huko."

Dakika ya 69, penalti. Fenohasina akaweka. 1-1.

Dakika za nyongeza tulizicheza kwa mioyo, si kwa miguu. Jua limezama, taa zimewaka, baridi imeingia kwenye mifupa, watu wamejifunika bendera. Mpwa wangu aliniuliza kama matuta, zile penalti za kuamua mshindi, ni bahati. Ami akamjibu kabla yangu: "Bahati ni ya asiyefanya mazoezi."

Matuta. Waliokosa kwetu ni wawili, na majina yao siyaandiki. Yameandikwa vya kutosha usiku ule, na watu ambao mwezi mzima walikuwa wakiwaimba. Madagascar walikosa moja. Nne kwa tatu.

Kinachonikaa akilini si mpira wa mwisho. Ni wachezaji wa Madagascar walipokuwa wanakimbia kushangilia mbele ya majukwaa yaliyonyamaza, wakafika kona moja yenye mashabiki wao wachache, wakasimama pale wanapiga makofi. Na upande wetu, baada ya muda, watu wakaanza kuwapigia makofi Harambee Stars. Ngoma zile za isukuti zikaanza tena, pole kwanza. Hawakuzomewa. Nimeona timu za Kenya zikizomewa kwa makosa madogo kuliko haya.

Nje, Thika Road ilikuwa imefungana. Matatu yetu ilisimama mahali pamoja hadi Tanzania na Morocco wakaanza, saa mbili usiku, na abiria wote tukaingia kwenye simu ya kondakta. Nina shangazi Tanga; tulikuwa tumeahidiana, nyinyi mkitoka mtatushangilia sisi, sisi tukitoka tutawashangilia nyinyi. Basi tukawashangilia Taifa Stars ndani ya matatu ya Nairobi kwa nguvu zilizobaki. Kipindi cha pili Oussama Lamlioui akaifunga Tanzania, 1-0, na ikabaki hivyo. Shangazi akaniletea ujumbe wa sauti. Ulikuwa pumzi ndefu, kisha: "Haya, mwanangu. Lala."

Jumamosi, 23 Agosti. Kurudi

Gari moshi la saa mbili asubuhi, lile linalosimama stesheni zote. Athi River, Emali, Kibwezi, kila mahali anapanda mtu anayetaka kusimuliwa. Mtu wa Ukunda wa siku ile alisimulia hadi Mtito Andei, na kila stesheni penalti ilizidi kuwa ya uonevu. Ami alilala.

Mpwa wangu hakulala. Alikuwa anaandika kwenye daftari lake la hesabu. Nikachungulia nikaona ni vikosi. Kaichora timu upya, mabeki watatu, Abud kapandishwa juu. Nikamuuliza tungeshinda? Akasema tungefungwa mapema lakini tungecheza vizuri. Bado nafikiria jibu hilo.

Miritini, joto likatupokea mlangoni, na watu wote tukavua makoti kwa pamoja. Ami alitaka kushuka Mwembe Tayari kwanza anywe dafu. Alikunywa mawili, akamwambia muuzaji matokeo yote kana kwamba mtu huyo hana redio, akalipa, tukaenda nyumbani.

Usiku Uganda nao wakatolewa na Senegal, 1-0. Wenyeji watatu, wote nje ndani ya siku mbili.

Jumamosi, 30 Agosti. Kibokoni

Fainali, Kasarani, Morocco na Madagascar. Maskani pamejaa kama siku ya Zambia, ingawa hatuna timu. Watu wengi waliwashika Morocco kwa hasira. Ami aliwashika Wabuki, na alikuwa na hesabu yake: wakibeba kombe, itakuwa tumetolewa na bingwa, tena kwa matuta, na hiyo si aibu.

Madagascar wakatangulia, Morocco wakageuza, Madagascar wakasawazisha 2-2. Ami alikuwa amesimama. Halafu Lamlioui, yule yule aliyewaliza Watanzania, akamwona kipa katoka langoni, akaupiga kutoka mbali, karibu na katikati ya uwanja, ukampita juu. 3-2. Hata waliokuwa wameshika Morocco walikaa kimya kidogo kwa heshima ya mpira ule.

Mwisho wa mechi watu wakamgeukia ami. Haya, mzee, hesabu imekwenda wapi? Ami alikaa, akafikiri, akahesabu kwa vidole mechi walizoshinda Morocco tangu mwanzo: Angola wamewafunga, Zambia wamewafunga, Congo wamewafunga, Tanzania wamewafunga, Senegal wamewatoa kwa matuta, na leo Wabuki.

"Bingwa amefungwa mechi moja tu mashindano mazima," akasema. "Na aliyemfunga ni sisi. Tukiwa kumi."

Mwenye kahawa akamuuliza kombe basi liko wapi. Ami akamwambia amimine kahawa, aache maswali ya kitoto, na kikombe hicho cha kwanza kilipiwe na wote waliosema mwanzoni mwa mwezi kwamba hatutavuka kundi.

Walilipa.